Mposaji wa Binti Yangu Anataka Stelingi Aanzwe Upya

Mhariri, ukiona inafaa kulichapa hili katika ukurasa wako, jina langu libaki kwako. Majina ya wengine nimeyabadilisha mwenyewe.

Mimi ni mwanamume wa miaka sitini na miwili, mwalimu mstaafu, mkazi wa Temeke. Watoto wangu wameshaondoka nyumbani isipokuwa kitindamimba, ambaye nitamwita Zuhura. Huyu ameposwa na mtu nitakayemwita Sefu, wa ukoo wa Kunduchi, mwenye duka la redio na deki za video hapa mtaani kwetu. Nyuma ya duka ana banda la mabati ambamo watu huangalia mikanda kila alasiri. Nami ni mmoja wao. Sioni haya kusema kwamba picha za yule mtu anayepaa angani na kunyanyua magari kwa mkono mmoja nimeziona zote nne, na ya pili nimeirudia.

Mwezi uliopita Sefu alirudi kutoka Dubai na jarida la Kiingereza la mambo ya sinema, nikaombwa niwasomee watu. Liliandika kwamba kampuni inayotengeneza picha zile inakusudia kuianza hadithi upya. Stelingi, yaani yule shujaa wa picha, atakuwa mtu mwingine, kijana, kapera, na yote yaliyotokea katika picha zile nne yatahesabiwa kwamba hayakutokea.

Banda likachemka.

"Haiwezekani!" akapiga kelele Dula, fundi cherehani. "Mie nilimlilia yule bwana alipovunjwa mgongo. Leo waniambie hakuvunjika? Machozi yangu nani atanirudishia?"

"Siku ile ulilia njaa wewe," akasema Mama Pili, muuza kashata. "Ulipopata kashata yangu ukanyamaza."

Watu wakacheka. Sefu akasimama mbele ya televisheni. "Nyie mnapenda sana mambo ya kale. Hadithi ikichoka inafutwa, inaanzwa nyingine. Ubaya uko wapi? Ya nyuma hayahesabiki."

Wenzangu walisikia habari za sinema. Mimi nilimsikia mkwe.

Wasomaji wa bara huenda wasielewe. Katika ukoo wetu baba hamwulizi mposaji mambo yake uso kwa uso. Kila neno hupitia kwa mshenga. Naweza kukaa na Sefu benchi moja tukabishana habari za mtu anayepaa hadi adhana ya magharibi, lakini siwezi kumwuliza kama amewahi kuoa. Nilikuwa nimekwisha kumwuliza mshenga wake, mzee mwenye adabu zake, naye akatabasamu: "Mwalimu, sisi tumekuja kuzungumza yaliyo mbele." Sikulipenda jibu lile. Mtu wa umri wa Sefu, anayekaribia arobaini, mwenye duka na afya njema, alikuwa wapi miaka yote hiyo?

Basi siku ile nikaona nimepata njia ya kumwuliza bila kumwuliza. Nikasema mbele ya watu wote, "Na yule mke wa stelingi, aliyekuwa akimsubiri nyumbani katika picha zote, naye afutwe?"

"Afutwe tu, mzee wangu," Sefu akajibu upesi. "Mtoto atalelewa na bibi yake, maisha yaendelee."

"Mtoto gani?" Dula akauliza.

Picha zile tunazijua wote. Hamna mtoto. Stelingi na mkewe hawakujaliwa, na hilo ndilo lililomliza yule mama katika picha ya pili.

Sefu akacheka. "Si natoa mfano tu, jamani!" Kisha akainama kuishughulikia deki, ambayo haikuwa na kasoro yoyote.

Nyumbani nilimweleza mke wangu. Akaweka mwiko chini. "Baba Zuhura, utamnyima binti yako mume kwa sababu ya mtu anayepaa?"

Nilimwomba dada yangu aende Kunduchi kama mtu anayepita kusalimia. Alipokewa vizuri, akakaribishwa chai na mkate wa kumimina. Wakati wanakunywa, akaingia mtoto wa kike mdogo, akamkalia mama yake Sefu mapajani na kumwita bibi. Dada yangu akauliza, "Huyu wa nani?" Yule mama akamtengenezea mtoto ushungi. "Wa humu humu nyumbani," akasema, kisha akaulizia bei ya mchele huku kwetu.

Nyumba ile ina watu wengi, na wajukuu hawakosi. Huenda ni mtoto wa ndugu yake. Nami si mtu wa kumhukumu mwenzangu kwa neno moja lililomponyoka bandani. Kama Sefu alioa akaacha, si aibu, wala mtoto si kosa. Lakini kama hakuacha, binti yangu anaingia katika nyumba yenye mwenyewe.

Kinachoniumiza zaidi kilitokea juzi. Nilimwita Zuhura, nikamwambia mashaka yangu yote. Alikuwa anapiga pasi. Hakushtuka. Alisema tu, "Baba, hata kama ni kweli. Mtu haruhusiwi kuanza upya?" Nikamgeukia mama yake, naye hakuinua macho kutoka kwenye mchele aliokuwa akiuchagua. Tangu saa ile nahisi kwamba katika nyumba yangu mwenyewe kuna jambo ambalo kila mtu analijua isipokuwa mimi.

Ijumaa, baada ya sala, mshenga anakuja kuchukua jibu. Sefu naye amenitumia salamu kupitia kwa Dula kwamba picha mpya ikifika, kiti cha mbele ni changu, kiti cha baba mkwe. Nikimkataa, huenda namwonea mtu mwema na kumliza binti yangu kwa dhana tupu. Nikimkubali, huenda Zuhura naye ataketi nyumbani akisubiri kama yule mke wa stelingi, mpaka siku Sefu atakapochoka tena na hadithi.

Nyinyi mliolea mabinti, nipeni shauri kabla ya Ijumaa: mshenga akishaketi barazani kwangu, nimwambie nini?