Uzi Niliokata Mkononi mwa Mwanangu

Mke wangu alikufa kwa bakora niliyompiga mtu mwingine. Nalisema hilo mwanzo kabisa, ili anayetaka kunihurumia ajue anamhurumia nani.

Mimi ni mzee wa hapa Tanga, Usagara. Figo za mke wangu zilishindwa kazi, tukapelekwa India, mji wa Ahmedabad. Mimi nina kisukari, figo yangu ikakataliwa. Ya mwanetu Bakari ikafaa. Ikabaki kungoja siku ya upasuaji, huku mama yake akisafishwa damu kwa mashine.

Tulipanga vyumba kwa mjane mmoja wa Kihindu karibu na hospitali, Mama Hetal, aliyeishi na binti yake Hetal. Masharti yake yalikuwa mepesi. Nyama isiingie ndani, viatu tuache mlangoni, na bakora yangu pia niiache mlangoni. Viatu nilivua, hata kwetu tunavua. Bakora nilikataa. Nilimwambia Bakari amjulishe mama huyo kwamba mtu mzima hanyang'anywi fimbo yake, nikaingia nayo.

Nimekua na Wahindi mimi. Tangu utoto nanunua vitambaa kwenye maduka yao hapa mjini, nikadhani nawajua. Kumbe siku zote kulikuwa na kaunta katikati yetu. Kule hapakuwa na kaunta.

Mke wangu alizoea upesi. Alikaa jikoni na Mama Hetal wakisukuma chapati, hawana hata lugha moja, lakini wanacheka mpaka wanashikana mabega. Akavishwa bangili za kioo, akaja kunionyesha kama bi harusi. Bakari naye akajifunza maneno yao, akala dengu zao, akamsaidia Mama Hetal kupandisha ndoo za maji. Mimi nilikaa chumbani na mkate na chai yangu, nimenuna. Nilijiambia kwamba nalinda dini. Uongo mtupu! Nilikuwa naona wivu, kwa kuwa watu wangu walikuwa na furaha mahali ambapo mimi sikuwa nayo.

Kilichoniuma zaidi ni Hetal. Akicheka yeye, Bakari anacheka. Nikamwambia mke wangu kwamba huyu mtoto tutamwacha huku, kishatekwa. Akanitazama, uso umevimba kwa maradhi.

"Bwana weye," akasema, "mie nakufa, weye wafikiria harusi."

Ilikuwa wiki ile ile ya upasuaji. Nilitoka kuswali adhuhuri, nikakuta mlango wa sebule wazi. Bakari amekaa mkekani, kitambaa kichwani. Mbele yake Hetal kapiga magoti na sinia lenye taa ya mafuta, punje za mchele na unga mwekundu. Akamzungushia ile taa usoni. Akampaka unga kwenye paji. Akamfunga uzi mwekundu wa shanga mkono wa kulia. Halafu akachukua kipande cha kashata, akamlisha kwa vidole vyake mwenyewe. Na Mama Hetal amekaa pembeni, anatabasamu.

Mtu wa pwani akiona hayo, anaona nini? Uzi, moto, na kulishwa kwa mkono! Nikasema moyoni, limbwata, mchana kweupe.

Sikuuliza. Nalirudia hilo kila siku ya maisha yangu, sikuuliza. Nililipiga lile sinia, mafuta yenye moto yakamrukia Mama Hetal miguuni. Hetal akanyoosha mkono kumkinga Bakari, bakora ya pili ikamshukia vidoleni, na mfupa nikausikia. Nikanyakua kisu cha matunda, nikamkamata mwanangu mkono, nikaukata ule uzi, na ngozi nikaichana pamoja nao.

Bakari alisema, "Baba, ngoja nikueleze."

Mimi nikasikia mtu anayemtetea mwanamke. Alipogeuka kumfunika Hetal kwa mwili wake, akanipa mgongo. Nikageuza bakora, nikashika upande mwembamba, nikampiga kwa kile kichwa kizito, ubavuni, chini ya mbavu. Nikampiga tena pale pale. Alipoanguka nikaendelea. Kijana ana nguvu, angeweza kunivunja kwa mkono mmoja, lakini hakuuinua. Nilisimama kwa sababu pumzi ziliniishia. Huruma haikuwamo.

Ndipo akasema, kalala sakafuni, damu inamtiririka mkononi.

"Ni uzi wa dada, baba. Hetal hana kaka. Kanifanya kaka yake, ananiombea nitoke salama kwenye kisu. Kwao aliyekufunga uzi huu humuoi tena."

Dada! Nilichokuwa nakiogopa, uzi ule ndio uliokizuia. Na Hetal alijua Kiingereza, nami nilikisoma sekondari. Swali moja tu lingetosha.

Majirani walijaa. Mmoja alinikaba koo, akanipigiza ukutani hadi jino likatoka. Wakataka kuita polisi. Hetal akawazuia, mkono wake umevimba kama andazi. Baadaye Bakari aliniambia alichowaambia: mimi ni baba wa kaka yake.

Jioni ile Bakari alikojoa damu.

Daktari alipoona alama ubavuni, alinitoa mimi nje, akamuuliza kijana kama analazimishwa kutoa figo. Kisha wakapima. Figo iliyoumia ilikuwa ile ile waliyoipanga kumpa mama yake. Upasuaji ukaahirishwa mpaka apone. Mke wangu hakuweza kungoja. Damu yake ilipata vijidudu, homa ikampanda, ikakataa kushuka.

Nilimwomba radhi akiwa kitandani. Akazungusha zile bangili mkononi.

"Ile bakora," akasema, "ulinipiga mie."

Hakunitamkia neno tena. Tulimzika kule kule. Mama Hetal alisimama nje ya geti la makaburi, miguu imefungwa bendeji, kashika bangili za marehemu.

Bakari sasa anaishi Ushongo. Hajanitukana hata siku moja, na hajanitembelea hata siku moja. Lakini kila mwaka, msimu wao wa kufungana nyuzi ukifika, Hetal hutuma uzi kwa anwani yangu, maana ndiyo aliyokuwa nayo. Basi mimi ndiye ninayeuvusha kivuko cha Pangani kumpelekea. Mara ya kwanza niliomba nimfunge mwenyewe.

"Hapana, baba," akasema. "Weka hapo."

Anayemfunga ni binti yake mdogo, aliyepewa jina la bibi yake. Mimi hutazama kutoka barazani, kisha nawahi kivuko.

Enyi mnaosafiri kwenda kukaa kwa watu, msiwe kama mimi niliyedhani nawajua. Ukiona usilolielewa, uliza kabla mkono haujapanda. Na mwenye nyumba akikuambia uache fimbo mlangoni, iache.

Hetal huusuka uzi ule mwenyewe. Msuko wake umepinda upande mmoja, kwa kuwa vidole viwili havikunji. Kila mwaka naufungua, nautazama, naurudisha kwenye bahasha.