Mama Marinda na Onyesho la Jioni

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mama Marinda, kwa sababu gauni likitoka kwenye cherehani yake marinda yalilala sawasawa, hata mvaaji akikaa, akiinuka au akigombana na wifi yake. Ufundi huo hakuufundishwa na mtu. Aliuokota kwenye sinema za Kihindi. Kila filamu mpya ya mapenzi ilipoingia, alikaa safu ya tatu kutoka nyuma, daftari gotini, akachora gizani bila kutazama karatasi. Ukimuuliza hadithi ilihusu nini, angekueleza shingo za blauzi zote, moja baada ya nyingine. Kama wapendanao walioana au walizikwa, hilo halikuwa lake.

"Mama, wenzio wanalia mle ndani, wewe unahesabu mapindo!" binti yake humcheka.

"Walie tu, mwanangu. Kesho watakuja kwangu wanataka ile nguo waliyoililia."

Mkabala na duka lake palikuwa na kibanda cha zipu, nyuzi na vifungo, na mwenyewe aliitwa Bwana Vifungo. Alikuwa mgane, mtu wa maneno machache, na katika miaka minne hajawahi kumletea Mama Marinda uzi usiolingana na kitambaa. Wiki moja kabla ya siku hii tunayoisimulia, alikuwa akimpimia utepe. Bila kuinua macho akasema, "Mama Marinda, mimi na wewe tuoane." Kisha akaupima upya ule utepe mara mbili, akakosea zote mbili.

"Nitakujibu," alisema Mama Marinda, akatoka bila utepe.

Jumamosi Bwana Vifungo akaja na tiketi mbili za filamu mpya. "Nina ombi dogo," alisema. "Leo daftari libaki nyumbani. Tutazame wote."

Mama Marinda akakubali, lakini ombi lile lilimchoma. Marehemu mumewe, Mungu amrehemu, alikuwa mwema kwa kila kiumbe isipokuwa cherehani. Ikilia tu, anakunja uso. "Umeolewa na mimi au na hicho chuma?" Mwisho mama wa watu akawa anashona mumewe akitoka, anafunika akirudi, kama mwizi ndani ya nyumba yake mwenyewe. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mama Marinda alimpenda Bwana Vifungo, tusifichane. Alimpenda hata nyuzi zikawa zinamwishia kila siku. Ila kurudi kushona kwa kujificha, hilo hapana. Kwa hiyo daftari akalitia kwenye mkoba, chini ya leso. Ni tahadhari tu, alijiambia. Sijui ni tahadhari gani hiyo inayokwenda na penseli.

Nusu ya kwanza alijikaza kisabuni. Akatazama milima, mvua, na baba mkali aliyemkatalia binti yake kijana anayempenda. Mara yule binti akashuka ngazi na gauni la kijani, marinda tabaka tatu, kila tabaka limelazwa upande wake. Tangu azaliwe Mama Marinda hajaona kitu kama kile. Mkono ukaingia mkobani wenyewe. Akachora tabaka la kwanza, akachora la pili, na kwa pupa akaikandamiza penseli mno. Ncha ikakatika, ka! na wakati huo huo muziki ulikuwa umenyamaza.

Bwana Vifungo akageuka. Akalitazama daftari gotini pale. Akainuka, akawapita watu goti kwa goti, "samahani, samahani," akatoka nje.

Basi, imekwisha, Mama Marinda aliwaza. Aliona aibu kwa kuvunja ahadi, na papo hapo alikuwa na hasira: bora imejulikana leo, kabla ya ndoa. Lakini hasira haikudumu. Kiti cha pembeni kilikuwa kitupu, na akajua kwamba anamtaka yule mtu, anamtaka sana, na huenda amempoteza kwa sababu ya marinda. Kwenye skrini binti alikuwa amesimama stesheni, treni inaondoka na mpenzi wake. Mama Marinda alimtazama usoni, machozi yakamtoka. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile, hakujua mtu aliye mbele yake kavaa nini.

Goti kwa goti, "samahani, samahani," Bwana Vifungo akarudi, anahema. Akamtia kitu kiganjani. Ilikuwa penseli, imechongwa.

"Nimemwomba mkata tiketi penseli yake," alinong'ona. "Kisu chake butu, ndiyo maana nimechelewa. Chora upesi, bado amelivaa."

"Si ulisema niliache daftari?"

"Nilisema. Nilitaka angalau siku moja unitazame mimi." Akaligusa daftari kwa kidole. "Ila nilipokuona unachora nikajiuliza, mbona ndiye huyu huyu niliyemposa? Nataka nikuoe na daftari lako."

"Shhh! Tunataka kusikia!" alikaripia mama mmoja nyuma yao, ingawa ukumbi mzima hapakuwa na mtu anayejua Kihindi.

Mama Marinda akaweka penseli kwenye karatasi, lakini macho yakamwendea Bwana Vifungo, mstari ukaenda upogo. Akaacha.

"Nimekubali," alisema.

"Umekubali nini?" Furaha ilikuwa imemziba mtu wa watu masikio.

"Unioe, bwana wee! Unataka nikupigie mbiu?"

Alikuwa amepaza sauti kuliko alivyodhani. Ukumbi wote ukageuka. Mtu akapiga makofi, wengine wakaitikia, na yule mama wa nyuma, aliyetaka kusikia, akauliza kwa sauti harusi ni lini. Kwenye skrini binti wa watu aliendelea kulia peke yake stesheni, na kwa dakika nzima hakupata hata mtu mmoja wa kumtazama.