Mpishi Anayejibu

Madam wangu alikuwa Mhispania, mwandishi wa riwaya za kihistoria, na mimi ndiye niliyempikia nyumbani kwake mtaa wa Al Warqa, huko Uarabuni. Alishatoa vitabu kumi na kimoja. Viwili vya mwisho havikununuliwa, aliniambia bila kuficha, na mchapishaji wake huko kwao akampa nafasi moja tu. Kikikwama hiki, khalas, hataandika tena.

Kitabu chenyewe kilimhusu mpishi wa kasri moja la zamani sana. Kila saa kumi jioni, nikimpelekea chai, alinisomea ukurasa kwa Kiingereza huku akinichungulia usoni. Siku moja mpishi wake akachukua kuni zilizonyeshewa, akapuliza mara moja, moto ukawaka. Nilicheka hadi nikaweka sinia chini.

"Madam, umewahi kuwasha kuni mbichi?"

Hakuwahi. Lakini mwanamke yule hakuwa na uvivu: kesho yake tulipanga mafiga nyuma ya nyumba, tukazimwagia kuni maji, nikamwachia apulize. Alipuliza hadi machozi na kamasi vikamtoka. Mlinzi wa jirani, Mkenya mwenzangu, akaja mbio.

"Sister, kwani mnachoma nyumba ya arbab, nyumba ya bosi?"

Nikamwambia atuache, tuko kazini.

Toka hapo nikaota pembe. Nikamwambia Madam kwamba mpishi akitukanwa na bimkubwa wake kwa sababu ya chumvi, hawezi kunyamaza vile. Atajibu. Kwa adabu, lakini atajibu. Madam alinuna siku mbili, ya tatu akaandika upya sura nzima.

Mchapishaji alipopiga simu nilikuwa nafuta meza. Walizungumza Kihispania, nami nikaona uso wa Madam unashuka. Akaiziba simu kwa kiganja, akanieleza: moshi wameupenda, ila mpishi anayemjibu bimkubwa aondolewe, maana hakuna msomaji atakayeamini. Asipoondolewa, hawachapishi.

"Mwondoe tu, Madam," nikasema. Nilimwogopea kweli.

Akarudi kwenye simu, akasema kwa Kiingereza, makusudi nisikie: "Wangu ananijibu kila siku. Huyu anabaki." Akakata.

Wiki mbili hawakupiga. Nilipika huku moyo uko kwingine, naye akala chochote nilichompa. Kisha wakakubali. Madam alinikumbatia pale pale jikoni, akalia, halafu akaniambia kwamba supu yangu ya wiki mbili zile haikuwa na chumvi hata chembe.

Nikamjibu.