Sauti ya Mkanda Ilipokatika

Nikisikia harufu ya petroli ya jenereta, hunijia ile Jumapili mchana nyumbani kwa mjomba, Kahama. Alikuwa ameleta video na mkanda wa mapigano uliochakaa kwa kuazimwa. Picha ilijaa chenga, nyuso zilikuwa za kijani, na mtu alianguka kwanza ndipo ngumi ikalia. Nilisogea mpaka karibu na kioo cha televisheni, nikitaka kujua ule mlio ulikuwa unachelewa wapi.

Bibi alikaa mkekani nyuma yangu. Tangu tumzike babu, alikuwa hasemi lolote zaidi ya kuitikia salamu.

Ghafla sauti ikakatika kabisa. Mjomba akaipigapiga video, wapi!

"Mbona wamenyamaza?" bibi akauliza.

"Mkanda umechoka, mama," mjomba akamjibu.

Kwenye kioo jambazi alikuwa akifoka. Bibi akamtazama kidogo, kisha akaanza kumsemea kwa Kisukuma: "Ng'ombe wangu yuko wapi?" Steringi, yule shujaa wa mkanda, naye akajibu, kwa sauti ya bibi vilevile, kwamba ameshamla. Tulicheka mpaka mama yangu akafuta machozi.

Sauti iliporudi, bibi alikuwa bado anaendelea. Mjomba akanyoosha mkono taratibu, akaipunguza mpaka ikaisha.