Upande wa Kulia wa Uso wa Baba

Kiharusi kilimpata baba msimu wa kuvuna kahawa, akiwa anaianika uani kwetu Kitura. Kiliuacha upande wa kulia wa uso wake kama ulivyokuwa, kikauangusha wa kushoto: jicho likalegea, pembe ya mdomo ikashuka, na mtu asiyemjua angeapa kwamba mzee anamdharau. Maneno yalimtoka machache, mazito kama uji uliopoa.

Mimi ndiye niliyekuwa nikimfanyisha mazoezi. Hospitalini walituelekeza tukae mbele ya kioo, mimi nitabasamu na yeye ajaribu kunifuata, nipandishe nyusi na yeye apandishe zake. Siku za mwanzo nilitabasamu kwa hasira tu, maana nilikuwa na hasira na kila kitu, hata na jogoo. Lakini huwezi kuuvuta mdomo wako asubuhi nzima halafu moyo ubaki umenuna. Kabla ya chai nilikuwa nimeshaanza kumtania kwamba anamkonyeza jirani, na upande wake wa kulia ulikuwa ukicheka.

Wa kwanza kuuelewa uso ule mpya alikuwa mbwa wetu. Akimjia baba kutoka kushoto, alitazama juu, akalaza masikio na kurudi nyuma kana kwamba amekemewa. Akizungukia kulia, mkia ulianza kutikisika kabla hajafika. Haikuchukua muda, akaacha kabisa kupita kushoto. Watu wa nyumbani walichelewa zaidi yake. Shangazi alikuwa akilalamika kila siku kwamba kaka yake hapendi tena mapishi yake, nami nikamwambia ahamishe kiti. Sikumwambia kwa upole.

Basi ikaja posa yangu. Mchumba wangu alikuwa mwalimu, mtu wa Kihagara kule ziwani, na wazee wake walimtuma mshenga apande milima na furushi la usipa, dagaa wa huko ziwani. Nilimtaka yule mwanamume, na niseme wazi, sikuwa na mpango wa kumtaka mwingine. Katika ukoo wetu, siku ya posa baba wa binti hasemi kitu. Kaka za huyo baba ndio wanaozungumza. Yeye anatazama tu, na mshenga anausoma uso wake kabla ya kutoa neno la mwisho. Uso ukikataa, mshenga anaaga kwa heshima na hakuna anayeuliza sababu.

Mgeni wa namna hiyo huketishwa karibu na mlango. Mlango wetu uko kushoto kwa kiti cha baba.

Hilo lilinijia nikiwa jikoni nasonga ugali, na tayari nilikuwa nimechelewa. Nilimsikia mshenga akishukuru kwa mapokezi, kisha akasema, "Uso wa mzee tumeuona. Tusimchoshe."

Binti anayeposwa haingii sebuleni. Niliingia. Nikamwamkia mshenga shikamoo, na kabla hajamaliza kuitikia nikakishika kiti chake, mwiko bado uko mkononi, nikamwomba ahamie upande wa pili. Baba mkubwa alinikaripia, akaniuliza kama nina akili timamu. Nilimjibu kwamba mgeni ameusoma ugonjwa, hajamsoma baba. Mshenga akahama. Nadhani alisikiliza mwiko kuliko maneno yangu.

Nilisimama pale nikiwa na uhakika wa kile atakachokiona, kwa sababu uso ule niliujua kuliko wangu mwenyewe. Upande wa kulia angekuta tabasamu.

Hakukuwa na tabasamu. Jicho la kulia la baba lilikuwa limejaa machozi, na pembe ya mdomo iliyo nzima ilikuwa ikitetemeka, imeshuka sawasawa na ile mbovu. Tangu augue, sikuwahi kuziona pande mbili za uso wake zikifanana hivyo. Mshenga aliinuka polepole, akaanza kutafuta kofia yake.

Baba akaunyoosha mkono wake mzima, akamshika mshenga shati.

"Kaa," alisema, akilitafuta kila neno. "Nalia kwa sababu nimekubali."