Kaa Kwanza Kwenye Keria

Siku moja naikumbuka kwa makalio, mwanangu, na usicheke. Ilikuwa miaka ya tisini, pale Kiberege, nami msichana wa kulima mpunga na kuendesha baiskeli aliyoniachia marehemu baba. Friwili yake, ile inayoacha pedeli zitulie gurudumu likizunguka, ilikuwa imekufa, fundi akaichomelea. Baiskeli ya hivyo haina kupumzika: gurudumu likizunguka, pedeli nazo zinazunguka, na ukitaka kusimama unazikaza kwa miguu. Wakati wa masika ilinifaa, maana breki zikilowa tope, miguu yangu ndiyo breki.

Sasa gurudumu la nyuma likapinda, likakataa kunyooka. Na mama yangu alikuwa anaumwa kiuno, hawezi kutembea, na kila wiki nilimpeleka Ifakara kutibiwa. Gari lilikuwa la kubahatisha, mvua ikinyesha hata hilo hulioni. Daktari alishatuambia kuwa akikatiza matibabu hatasimama tena. Kwa hiyo mama alikuwa mtu wa keria, hakuna njia nyingine.

Nikaenda gulioni kwa fundi, nimeongozana na mjomba Benedikto, kaka yake mama, mchuuzi wa samaki wakavu. Mtu wa utani, ila ulimi wake una pilipili. Fundi alikuwa na magurudumu mawili. Moja jepesi, tairi jembamba, ringi inang'aa hata unaweza kuangalia meno yako. Jingine la chuma zito, lina kutu, spoki nene, tairi pana. Nikashika linalong'aa kabla hata sijamwamkia fundi. Nilijua ni nani angeniona nalo Jumapili nikitoka kanisani, lakini hayo tuyaache.

Mjomba akanitazama. "Hilo unamchagulia nani?"

"Baiskeli, mjomba. Ni jepesi, nitafika haraka."

"Wewe utafika. Dada yangu je?"

 Akamwomba fundi alifunge kwa kujaribu, pamoja na ile friwili yangu, akashika usukani mwenyewe, akaniambia, "Kaa nyuma. Leo wewe ndiye mama."

Tulikwenda mpaka kwenye reli na kurudi. Mwanangu, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Miaka yote nilikuwa mtu wa mbele. Kule nyuma sikuwahi kukaa. Kila kokoto ilinipanda mgongoni. Habu, kile kitovu cha gurudumu, ilikuwa imelegea kidogo, na kila mjomba alipokaza miguu kupunguza mwendo, lilicheza likagonga, nami nikagongwa kiunoni. Tulipofika kwenye reli machozi yalinitoka, na mimi nilikuwa mzima wa afya. Nikamfikiria mama, ambaye hakuwahi kulalamika hata siku moja, nikaona haya. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Likafungwa lile zito, nikakaa tena. Siwezi kusema lilikuwa godoro, lakini lilikwenda kimya, halichezi, na tairi lake lilimeza mashimo. Fundi akauliza tunachukua lipi. Mjomba akaninyooshea kidevu: aliyekaa nyuma ndiye ajibu.

Wiki ile nikampakia mama. Lile gurudumu zito lilinidai nguvu, sikufichi. Mapaja yaliwaka moto. Tulipofika katikati ya njia nikahisi kitu kizito kimeniegemea mgongoni. Nikaita, "Mama?" Kimya.  Nikakaza pedeli polepole mpaka tukasimama, nikageuka.

Alikuwa amelala. Safari zote za nyuma alikuwa ameng'ang'ania gauni langu kwa mikono miwili. Nikamfunga kwangu kwa kitenge, nikaendelea kupiga pedeli, nalia kwa furaha. Matibabu aliyamaliza, na baadaye alisimama akapalilia mpunga wake.

Basi mwanangu, utachagua mengi ya kuwabebea wenzio: nyumba, kazi, mji wa kuhamia. Usichague kwa macho, wala kwa raha ya aliyeshika usukani. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kaa kwanza pale atakapokaa mwenzio, usikie anachosikia. Na asipolalamika, usidhani haumii. Wapo wanaonyamaza kwa kukupenda.

Mungu akupe miguu ya kukaza kwenye mteremko, mwanangu, na kila utakayempakia nyuma yako apate usingizi.