Nilipofunga Mlango wa Berlin

Naikumbuka Jumanne ile kama iliyotokea wiki iliyopita, mwanangu, na kwa kweli ilitokea wiki iliyopita. Usicheke. Nina miaka kumi na sita, na wewe hujazaliwa. Wazee hungoja mpaka wasahau nusu ya mambo ndipo watoe nasaha. Mimi nakuwekea yangu ingali moto, uisome siku utakapogombana na mtu unayempenda.

Jua kwanza kwamba mama yako alikuwa na haya. Nikiulizwa jina darasani, naliambia dawati. Aliyenisemea ni rafiki yangu Sanyu. Muhula uliopita tulipambana kwenye mdahalo na wavulana wa mkondo wa pili: mimi niliandika hotuba, Sanyu akazisema, tukawapiga mpaka kiongozi wao akasahau maneno ya kufungia. Shule ikambeba Sanyu juu juu. Mimi nikabaki nimeshika daftari na viatu vyake. Nilipiga makofi kama wengine, lakini nilikwenda nyumbani na kidonda, na sikumwambia mtu.

Basi Jumanne hiyo mwalimu wa historia akaingia na chaki, akasema tutajifunza Berlin kwa miguu. Nchi zilizopigana bega kwa bega kuishinda Ujerumani ziliugawana mji ule, kisha zikaanza kuviziana. Wasovieti wakafunga barabara, na wale wa upande wa pili wakaletewa chakula kwa ndege. Mwalimu akachora mstari katikati ya darasa, ukuta hadi ukuta. Nusu ya dirishani ikawa ya Wamarekani na wenzao, na Sanyu kiongozi wao. Nusu ya mlangoni ikawa ya Wasovieti. Wakakosa kiongozi, mwalimu akaninyooshea chaki mimi. Tungecheza kila saa ya chakula mpaka Ijumaa.

Okello, mvulana mkubwa anayependa sheria kuliko chakula, akajipa kazi ya mlinzi. Akaniuliza, "Kamanda, tuseme nini?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilisikia joto mpaka masikioni, na nitakuambia ukweli, nililipenda. Nikasema, "Saa ya chakula, watu wetu wakishachukua sahani zao, mlango huu haupitiki, kutoka wala kuingia. Mpaka Ijumaa. Hata nikisema mimi."

"Hata ukisema wewe," Okello akarudia, akayaandika kwenye kiganja.

Darasa letu liko ghorofani. Jumatano watu wa Sanyu wakaosha ndoo ya kudekia, wakafunga kamba, wakaiteremsha dirishani mpaka uani. Wapishi wakaijaza posho, ugali wetu wa shuleni, na maharage. Ndoo ikapanda huku inazunguka, maharage yakimwagika, shule nzima ikiimba, "Ndege, ndege." Sanyu akachungulia dirishani na kuwapigia saluti kwa kijiko. Wakamshangilia tena. Yeye, siku zote yeye.

Alhamisi akaja mpaka kwenye mstari. Kesho yake tulikuwa na mdahalo wa fainali kwenye shule moja huko Ggaba, kando ya ziwa, basi likiondoka mara tu baada ya chakula.

"Zaina, nipe daftari la hotuba nikariri."

"Andika barua kwa serikali yangu," nikasema.

Watu wangu wakacheka, Okello akagonga dawati. Sanyu hakucheka.

"Banange, jamani Zaina," akasema polepole. "Bila daftari lako mimi ni mdomo tu."

Nilimsikia vizuri. Hata hivyo nikafunga zipu ya begi.

Tunakaa chini ya kilima cha Mbuya na Babu, askari mstaafu. Kiswahili hiki ninachokuandikia ni chake, cha kambini, mimi nimekipiga pasi kidogo tu. Jioni nilimsimulia Berlin nikidhani atafurahi. Alicheka ndoo mpaka akakohoa. Nilipofika kwenye daftari akanikatiza.

"Mimi nilikaa hiyo Berlin yako," akasema. "Ilikuwa Kongo."

Babu na wenzake, pamoja na jeshi la nchi jirani, waliingia kule kama marafiki. Walipouteka mji, kila jeshi likachukua upande wake na kuweka kizuizi chake.

"Kulikuwa na sajenti mmoja ya kwao. Tulikula sufuria moja. Buti yangu ilipasuka njiani, akaishona na waya. Halafu kwetu wakaanza kusema, sisi ndio tulishinda, wale walifuata tu. Kwao pia wanasema hivyo hivyo. Siku moja akafika kwa kizuizi yangu. Nikamwambia, toa karatasi."

"Akatoa?"

"Aliangalia buti tu."

Baada ya siku chache majeshi yale mawili yakapigana humo humo mjini. Babu hakujua tena habari za sajenti.

"Na mji haikuwa hata yetu," akasema. "Wenye mji walikuwa chini ya vitanda. Kesho rudisha hiyo kitabu."

Sasa sikia ilivyokuwa, mwanangu. Ijumaa asubuhi nilipaswa kumsindikiza Babu hospitali ya Nsambya kupimwa macho. Nilipofika shuleni saa ya chakula ilikuwa imeshaanza. Nikapanda ngazi mbili mbili, daftari kifuani. Okello amejaa mlangoni.

"Umefungwa, Kamanda."

"Okello, ni mimi. Basi linaondoka, na Sanyu hajakariri."

Akanionyesha kiganja. Wino ulikuwa umefifia lakini ulisomeka. "Hata ukisema wewe," akasema, kwa adabu kabisa.

Nikamsihi, nikamsukuma. Ni kama kusukuma kabati. Uani dereva wa basi akapiga honi. Nikashuka mbio mpaka chini ya dirisha. Ndoo ilikuwa juu, na mgongo wa Sanyu ulionekana. Shule nzima iko kwenye foleni ya posho. Hapakuwa na wa kunisemea, maana wa kunisemea ndiye niliyepaswa kumwita.

Nikafumba macho. "Sanyu! Teremsha ndoo!"

Sauti ilikatika katikati ikatoka kama ya jogoo mchanga. Foleni ikageuka yote. Kichwa cha Sanyu kikatokea.

"Nani anaomba?"

"Mimi. Nimekukosea. Nimeleta daftari."

"Kumbe sauti unayo," akasema, na kamba ikaanza kushuka.

Daftari likapanda linanuka maharage, watu wakiimba "Ndege, ndege," na mimi nikiimba kuliko wote. Kisha ndoo ikarudi na kipande cha karatasi: *Kwa serikali ya mlangoni. Sehemu ya mwisho utasoma wewe. Shule imeshakusikia, huna pa kujificha.*

Nikasoma, mwanangu. Ggaba, mbele ya watu, harufu ya samaki ikiingia madirishani. Tulikuwa wa pili. Kwenye basi Sanyu alinipa viatu vyake nimshikie, kisha akachukua vyangu akavishika yeye.

Haya ndiyo ninayotaka ukumbuke. Mkishinda wawili, msikae kupima nani alishinda zaidi. Ukiumia kwa kusahauliwa, mwambie mwenzako siku hiyo hiyo, kabla hujapewa mlango wa kulinda. Na ukitoa amri ukiwa na uchungu, acha nafasi ya wewe mwenyewe kupita.

Mungu akupe mtu wa kula naye sufuria moja. Ukimkosea, akukutanishe naye kabla basi halijaondoka, na sauti yako itoke, hata ikikatika katikati. Amina.